Gisenyi: Uwanja Usiohitaji Nauli

Msafiri anayetoka Kigali kwenda Gisenyi hupanda basi katika kituo cha Nyabugogo, na kwa muda wa saa tatu na nusu hivi macho yake hayapati mahali palipo sawa pa kupumzikia. Barabara hiyo, ambayo urefu wake unakaribia kilomita 160, hupanda kilima, ikashuka bondeni, ikapinda, kisha ikapanda tena. Kila shamba limelala ubavu. Viazi na maharage vimelimwa kwenye miteremko ambayo sisi watu wa tambarare tungeiogopa hata kwa kuipita mikono mitupu. Ukifika Musanze, mji uliokuwa ukiitwa Ruhengeri, unaziona volkano upande wa kulia zimejitanda mawingu vichwani. Ukishavuka Mukamira gari linaanza kuteremka, baridi inapungua kidogo kidogo, na baada ya kona nyingi za kuchosha unaliona Ziwa Kivu chini yako.

Nayaeleza haya mapema, ndugu msomaji, kwa sababu yanahusika sana na jambo ninalotaka kulisimulia. Uwanja wa mpira wa miguu huhitaji mstatili ulio sawasawa wa mita zipatazo 105 kwa 68. Kwetu mstatili wa namna hiyo hupatikana kila kijiji, na watoto huuchora kwa jivu. Katika nchi ya vilima ni mali, kama kisima kilivyo mali katika nchi kavu. Mji wa Gisenyi umebahatika kukaa juu ya ardhi bapa kati ya ziwa na mpaka wa Kongo, na wenyeji wake waliitenga sehemu ya ardhi hiyo ya thamani kwa ajili ya mpira. Hapo ndipo ulipo Uwanja wa Umuganda.

Kwa desturi ya serikali mji huu sasa huitwa Rubavu, jina la wilaya, tangu mipaka ya utawala ilipopangwa upya mwaka 2006. Lakini kondakta wa basi aliita "Gisenyi! Gisenyi!", na abiria wote walilijua jina hilo, nami nitalitumia. Mtumiaji wa Kiswahili hajioni mgeni hapa. Bunge la Rwanda lilikubali Kiswahili kiwe miongoni mwa lugha rasmi za nchi mwaka 2017, lakini Gisenyi haukungoja Bunge. Mji wa Goma, ambao watu wake huongea Kiswahili cha Kongo, umeungana nao kama nyumba mbili zinazotumia ukuta mmoja. Watu huvuka mpaka kwa miguu kutwa nzima, na hasa katika kivuko kile wanachokiita Petite Barrière: akina mama na vikapu vya mboga, vijana na mikungu ya ndizi, na walemavu waendeshao kwa mikono baiskeli za magurudumu matatu zilizorundikwa mizigo mpaka mwendeshaji haonekani. Mtu akikusalimu "Jambo, mzee, habari ya safari?" unajibu na kuendelea na njia yako kana kwamba uko Kigoma.

Nilifuatana na mpwa wangu. Kijana huyu alisoma uhandisi wa majengo katika mji wa Atlanta, Marekani, kuanzia mwaka 2014 hadi 2018, naye ana tabia ya kuutazama kila mji kama daftari lililoandikwa vibaya, ambalo yeye amepewa kalamu nyekundu ya kulisahihisha. Tulipata nyumba ya wageni isiyo mbali na ziwa, tukanawa vumbi, tukatoka kutembea.

Barabara ya ufukweni ina minazi mirefu isiyozaa, nyumba za kale za Wazungu, na hoteli ambazo bei zake ni za kutazamwa tu. Ziwa lenyewe limetulia kama maji ya beseni, ingawa chini kabisa limebeba gesi nyingi ya methani, ambayo sasa Wanyarwanda huivuta na kuzalishia umeme. Wakati wa magharibi wavuvi huondoka na mitumbwi yao mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa miti mirefu, wakiimba ili makasia yaende sawa, kwenda kuvua sambaza. Samaki hawa wadogo si wenyeji wa Kivu. Waliletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, na sasa hakuna meza ya Gisenyi wasipokuwapo. Hukaangwa wakakauka, wakaliwa na vichwa vyao kwa chumvi na pilipili. Mke wangu angewaita dagaa, na asingekosea sana.

Kutoka hapo tulikwenda uwanjani kwa miguu. Naomba msomaji ayatie alama maneno hayo mawili, kwa miguu. Hatukuuliza gari, wala hatukuita pikipiki. Tulimwuliza mtoto aliyebeba dumu la maji, naye akatuonyesha kwa kidevu.

Umuganda ni neno la Kinyarwanda lenye maana ya kazi ya pamoja, ile tunayoijua sisi kwa jina la msaragambo au kujitolea. Hata leo, Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, asubuhi, wananchi wa Rwanda hutoka na majembe na fagio kusafisha mitaro na barabara. Uwanja uliopewa jina hilo hauna fahari kubwa. Ni uwanja wa watu elfu chache tu. Ungeuweka ndani ya Uwanja wa Benjamin Mkapa wa Dar es Salaam, ambao huchukua watu 60,000, ungepotea kama sahani ndani ya sinia. Hata hivyo umekwisha kupokea wageni wakubwa. Mwaka 2016, Rwanda ilipoandaa mashindano ya CHAN, yaani yale ya wachezaji wanaocheza katika ligi za nchi zao wenyewe, kundi la nne lilichezea hapa: Zambia, Mali, Uganda na Zimbabwe. Zambia na Mali zikasonga mbele, na Mali ikafika hadi fainali ya Kigali, ambako ilifungwa na Kongo mabao 3 kwa 0.

Timu mbili za ligi kuu huuita uwanja huu nyumbani. Ya kwanza ni Etincelles, neno la Kifaransa lenye maana ya cheche. Jina hilo linafaa sana katika mji ambao usiku wake, hewa ikiwa safi, huangaziwa na wekundu wa volkano ya Nyiragongo. Ya pili ni Marines, timu ya jeshi, na wasomaji wetu wenye sare watafurahi kusikia kwamba inapocheza na Etincelles mji mzima hugawanyika, hata ndani ya nyumba moja. Siku tuliyofika hapakuwa na mchezo wa ligi. Tuliwakuta vijana wakifanya mazoezi, na watazamaji hamsini au sitini wamesimama kandokando: mafundi wa baiskeli waliofunga kazi, askari wawili wasio kazini, mama aliyembeba mtoto mgongoni, wanafunzi na madaftari yao. Alikuwapo pia mzee mmoja mwenye baiskeli ya magurudumu matatu, ya wale wavushao mizigo mpakani, aliyeiegesha mahali ambapo bila shaka huiegesha kila siku, kwani watu walimwachia nafasi bila kuombwa.

Mpwa wangu alitazama huku na huku, akapima kwa macho, kisha akasema, "Mjomba, hapa pamekaliwa vibaya. Ardhi hii iko karibu na ziwa na karibu na mpaka. Wangeiuza kwa wenye hoteli, wakajenga uwanja mkubwa wa kisasa huko nje tulikopita, penye nafasi ya magari elfu mbili. Kila mtu angefaidika."

Sikuwa nimesikia mtu yeyote wa Gisenyi akitaka jambo hilo. Lakini nalijua wazo lenyewe, maana limezunguka dunia nzima, na kijana huyu alilitoa mahali anapolijua. Nikamwambia, "Haya, nieleze ya Atlanta."

Huko Atlanta, alianza kusimulia tukiwa tumeketi juu ya ngazi za saruji, watu hupenda besiboli, mchezo wa gongo na mpira mdogo, ambao mchezaji akiupiga mpira ukaruka hadi nje ya uwanja huzunguka vituo vyote na kurudi nyumbani akishangiliwa. Timu ya mji ni Braves. Ilihamia hapo mwaka 1966 kutoka Milwaukee, ikachezea uwanja uliojengwa kando ya katikati ya mji, katika eneo ambalo nyumba nyingi za Wamarekani weusi zilikuwa zimebomolewa ili kupisha barabara kuu na uwanja wenyewe. Katika uwanja huo, tarehe 8 Aprili 1974, Hank Aaron, mchezaji mweusi aliyekuwa akiandikiwa barua nyingi za vitisho, alipiga pigo lake la 715 la kuutoa mpira nje, akavunja rekodi ya Babe Ruth. Mwaka 1997 timu ilivuka barabara tu, ikaingia Turner Field, uwanja uliotokana na ule wa Michezo ya Olimpiki ya 1996. Ule wa zamani ulibomolewa, pakafanywa mahali pa kuegesha magari, na katikati ya magari hayo ikaachwa alama ya pale ulipoangukia mpira wa Aaron.

Mpwa wangu alikwenda Turner Field mara nyingi wakati wa uanafunzi. Alipanda treni hadi katikati ya mji, kisha basi, akakaa katika viti vya bei ya chini. Lakini tayari mwezi Novemba 2013 wenye timu walikuwa wametangaza kwamba wanahama. Mwisho wa msimu wa 2016 wakauacha uwanja ambao ulikuwa na umri wa miaka 20 tu katika besiboli, na mwezi Aprili 2017 wakafungua mwingine katika kaunti ya Cobb, kilomita kama 16 kaskazini-magharibi ya katikati ya mji. Walieleza kwamba wengi wa wanunuzi wa tiketi zao wanaishi upande huo. Kaunti ilikubali kuchangia karibu dola milioni 300 za fedha za umma. Treni ya mji haifiki huko, kwani watu wa Cobb waliikataa tangu miaka ya 1960.

"Uwanja huo mpya ni mkubwa kuliko wa zamani?" nikamwuliza.

"La, Mjomba. Ni mdogo. Wa zamani ulichukua watu kama 50,000, huu unachukua kama 41,000."

Hapo ndipo nilipoanza kusikiliza kwa makini. Ikiwa hawakuhama kwa kukosa nafasi, walihama kwa sababu gani? Kijana akaeleza kwa moyo mweupe, kama mtu anayesifu kazi nzuri ya wahandisi wenzake. Kando ya uwanja mpya wenye timu walijenga mtaa mzima: mikahawa, maduka, hoteli, ofisi na nyumba za kupanga, na wao ndio wanaopokea kodi. Mtu akifika mapema akala, akimaliza mchezo akanywa, fedha yake hubaki palepale. Kule mjini, aliyekula kabla ya mchezo alikula kwa mtu mwingine.

Basi hilo ndilo ninalotaka msomaji alishike, kwa sababu halisemwi waziwazi wakati viwanja vinapohamishwa. Tunaambiwa habari za nafasi, usalama na msongamano wa magari. Haya yote yana ukweli wake. Lakini uwanja wa katikati ya mji una mipaka minne tu, na nje ya mipaka hiyo biashara ni ya mji: ya mwenye mgahawa, fundi viatu, mwenye baiskeli, mama wa mahindi. Uwanja uliopelekwa shambani hauna majirani. Mwenye uwanja huwa jirani wa nafsi yake.

Sitaki kumdhulumu mpwa wangu, wala watu wa Cobb. Wapenzi wa timu walikwenda huko kwa wingi, na mwaka 2021 Braves walitwaa ubingwa wa nchi, uwanja huo ukiwa ndio nyumbani kwao. Turner Field nao haukutupwa, ulinunuliwa na Chuo Kikuu cha Georgia State, ukageuzwa kuwa wa mpira wa Kimarekani. Hata hivyo majirani wa pale wana haki ya kucheka kicheko kikavu. Kwanza uwanja uliwahamisha watu, kisha ukahama wenyewe.

Wala si lazima kwenda Marekani. Hapo Kampala, timu ya taifa ya Uganda ilichezea miaka mingi Uwanja wa Nakivubo, uliofunguliwa mwaka 1926 na kuzungukwa baadaye na soko la Owino na vituo vya magari ya abiria. Mtu alitoka sokoni, akaingia mpirani, akatoka mpirani akaingia garini. Mwaka 1997 ulifunguliwa uwanja mkubwa wa Namboole, nje ya mji katika barabara ya Jinja, nao ndio uliokuwa nyumbani kwa timu ya taifa. Ni uwanja wa fahari, wenye nafasi kubwa kuliko ule wa zamani, nami nisingemkataza Mganda kujivunia. Lakini kutoka Owino hadi Namboole ni nauli ya kwenda na ya kurudi, kwa baba na kwa kila mtoto. Nakivubo wenyewe ulikuja kubomolewa na kujengwa upya, ukafunguliwa tena mwaka 2024 ukiwa umezingirwa na maduka yaliyo sehemu ya jengo lake. Yaani elimu ya Cobb inaweza hata kurudi mjini, ikaujengea uwanja ukuta wa maduka ya mwenyewe.

Kuna kuhama kwingine ambako siwezi kukutia katika kapu hilo, na kuko Rwanda kwenyewe. Kriketi ya nchi hii ilikuwa ikichezewa Kicukiro, Kigali, katika uwanja wa shule ya ufundi ambayo mwezi Aprili 1994 watu zaidi ya 2,000 waliikimbilia wakitafuta ulinzi wa askari wa Umoja wa Mataifa. Tarehe 11 ya mwezi huo askari hao waliondolewa. Wauaji wakawachukua watu hadi kilima cha Nyanza kilicho jirani, wakawaua huko. Msomaji aliyevaa sare hahitaji nimweleze uzito wa jambo hilo, kwamba kikosi kinaweza kuamriwa kufunga virago huku akina mama wakishika magari kwa mikono. Mwaka 2017 kriketi ilipata uwanja wake Gahanga, pembeni mwa Kigali upande wa kusini, wenye mapaa ya kuba yaliyojengwa kwa vigae vya udongo wa hapohapo. Vijana waliokuwa wakikimbia juu ya ardhi yenye kumbukumbu ile wakapata nyasi zao wenyewe. Hapo kuhama kulikuwa faraja, nami nasema hivyo bila kusitasita.

Lakini Gisenyi? Nilitumikia jeshi la polisi miaka 27, na katika miaka hiyo nililinda milango ya viwanja zaidi ya mara ninazoweza kuhesabu. Raia hudhani kazi ni wakati wa kuingia. Askari anajua kwamba kazi ni wakati wa kutoka. Uwanja wa mjini hujimimina wenyewe. Watu hutoka kwa milango minne, wanaingia katika njia kumi, na katika njia hizo wanaingia nyumba mia. Baada ya robo saa umebaki na watoto wanaookota chupa. Uwanja wa nje una barabara moja. Watu wote huelekea upande mmoja, magari ni machache, giza linaingia, na aliyeshinda na aliyeshindwa wanagombania mlango wa basi lilelile.

Nakumbuka jioni moja katika uwanja wa nje ya mji, katika nchi yetu, uwanja ambao sitautaja. Nilikuwa zamu. Mke wangu alikuwa amekuja na watoto wetu watatu, kwa kuwa askari tulipewa tiketi za familia. Mchezo ulichelewa kwisha. Mimi nilikuwa nashika kamba langoni, siwezi kuondoka. Yeye alikuwa kando ya barabara, magari yanapita yamejaa hadi madirishani. Mwishowe aliamua kutembea. Alitembea saa tatu, wa mwisho mgongoni, wa pili akimshika gauni, wa kwanza amebeba viatu vya wote. Nilipofika kambini usiku wa manane nilimkuta anawakanda watoto miguu kwa maji ya chumvi. Hakunilaumu. Alisema tu kwamba mpira wa namna ile ni wa watu wenye magari, na tangu siku hiyo hakwenda tena. Redio ikawa ndiyo uwanja wake.

Nilimsimulia mpwa wangu hayo. Alinyamaza kidogo, kwa kuwa yule aliyebeba viatu ni binamu yake, kisha akasema kwamba dawa ni mabasi. Ni kweli, dawa ni mabasi. Nami nikamjibu kwamba nimeona viwanja vingi vikihamishwa kabla ya mabasi kununuliwa, na sijaona hata kimoja kilichongoja mabasi.

Tena kuna ile ardhi ya "huko nje tulikopita". Kijana aliitaja kana kwamba inangoja. Tulikuwa tumepita Mahoko asubuhi ile, mahali ambapo mto Sebeya unakaribiana na barabara. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023 mvua kubwa ilinyesha, Sebeya ukafurika, udongo wa vilima ukaporomoka, na katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini watu zaidi ya 130 walipoteza maisha. Upande huu vilima, upande ule mto. Palipo sawa penye maji, na pasipo na maji hapako sawa. Hata mjini kwenyewe si salama kabisa, maana Nyiragongo ililipuka mwaka 2002 na tena tarehe 22 Mei 2021, na mitetemeko ya mara ya pili iliwapasulia nyumba wengi wa Gisenyi. Ila mwenye mstatili wa mita 105 ulio sawasawa, katika nchi kama hii, afikiri mara saba kabla hajauuza kwa ahadi ya mwingine.

Jua lilikuwa linaelekea Kongo. Kocha alipiga filimbi, vijana wakakusanya mipira ndani ya wavu. Yule mzee wa magurudumu matatu aligeuza baiskeli yake, na mwanafunzi mmoja akamsukuma kupita kwenye kijiwe, bila neno. Nilimwonyesha mpwa wangu kwa macho. Aliona.

Nje ya lango kulikuwa na mama mwenye kibanda. Rwanda hawapendi uchuuzi wa kutandaza bidhaa barabarani, kwa hiyo kibanda chake kilikuwa kibanda kweli, na bati juu na meza mbele. Aliuza mayai ya kuchemsha, sambaza, parachichi na mahindi ya kuchoma. Nilimwuliza biashara ikoje.

"Leo ya mazoezi ni kidogo, mzee. Siku ya Etincelles na Marines ninaanza kuchoma saa nne asubuhi, na binti yangu anakuja kunisaidia. Siku hiyo ndiyo inalipa shule."

"Je, uwanja ukihamishwa, ukapelekwa mbali, utakwenda nao?"

Alicheka, akageuza hindi moja juu ya makaa. "Niende na jiko kichwani? Huko kutakuwa na wenyewe."

Mpwa wangu alimtazama mama huyo, kisha akanitazama mimi, akadhani labda nilikuwa nimempanga. Nililipa mahindi mawili. Mama aliyafunga katika maganda yake yenyewe, kwa kuwa mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku nchini humo tangu mwaka 2008, akatutakia usiku mwema kwa Kiswahili kizuri. Tulitembea pamoja na wale watu hamsini au sitini, ambao kila njia panda waliendelea kupungua, mmoja huku, wawili kule, mpaka tukabaki wenyewe na sauti ya wavuvi ziwani. Kijana alikuwa ameshika saa yake. Hakuniambia ni dakika ngapi, nami sikumwuliza. Tulipofungua mlango wa nyumba ya wageni mahindi yalikuwa bado ya moto.